Bustani ya Mvua za Kwanza: Mafunzo Niliyopata Chini ya Miti ya Tarime

Huku kwetu Tarime ukitaja bustani, mtu anawaza sukuma wiki, nyanya na vitunguu. Hiyo ninayo, na inanilisha. Lakini nyuma ya nyumba, kwenye mteremko unaoshukia kijito, baba aliacha kipande cha miti ya asili ambacho jembe halikuingia: mikuyu, mkwaju mmoja, mbambangoma kadhaa, na vichaka ambavyo majina yake nilijifunza ukubwani. Nimekitunza kwa miaka mingi sasa. Wiki za kwanza za mvua za vuli, Septemba kuelekea Oktoba, ndizo ninazozingoja kuliko sikukuu yoyote. Bustani ya namna hii hupatikana kwa kulinda zaidi ya kupanda, na furaha yake inastahili nafasi kwenye boma la mkulima hata kama haijazi gunia. Haya ndiyo niliyojifunza humo.

1. Maua ya kwanza hayangoji mvua

Mwezi wa Agosti vilima vimechomwa, moshi umetanda, na ng'ombe wanatembezwa mbali kutafuta majani. Ndipo mbambangoma unapochanua. Unakuwa umepukutisha majani yote, matawi matupu, kisha kwenye ncha zake yanatokea maua mekundu ya kukoza yanayoonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Ndege chozi wanawahi alfajiri, na nyuki wanafuata jua likipanda.

Ulaya maua ya msituni huwahi kuchanua kabla miti haijaota majani na kuyazibia mwanga. Kwetu mwanga upo mwaka mzima. Kinachogombaniwa ni maji. Mbambangoma una gome nene linalohimili moto, na una akiba yake ndani, hivyo unaweza kutangulia mvua yenyewe. Anayetaka kuanza na mmoja, mti huu hauna makuu. Kata tawi lenye unene wa mkono, liache kivulini siku chache mpaka jeraha likauke, kisha lichomeke ardhini mvua zinapokaribia. Utashika. Mizizi yake hurutubisha udongo kwa naitrojeni, kama ya maharage. Mbegu zake nzuri nyekundu zenye doa jeusi zina sumu, kwa hiyo zisiwe shanga za kuchezea watoto wadogo.

2. Ua jekundu la duara halitaki haraka

Hapa nitakaa kidogo, maana hili ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Siku chache baada ya mvua kubwa ya kwanza, ardhi iliyokuwa tupu chini ya mkuyu inapasuka na kutoa shina moja lisilo na jani. Sehemu ya chini ya shina ina madoadoa ya zambarau. Juu kuna kifurushi kilichofumbwa. Kinafunguka, na baada ya siku mbili tatu limekuwa tufe jekundu kubwa kuliko ngumi mbili. Wataalamu wa mimea huliita Scadoxus multiflorus, na tufe moja laweza kubeba maua madogo mpaka 200. Piga magoti ulitazame kwa karibu. Kila ua dogo lina petali sita nyembamba na nyuzi sita ndefu zenye chavua ya njano kwenye ncha. Ni nyuzi hizo zinazolifanya tufe zima lionekane linatetemeka hata pasipo upepo.

Linadumu wiki moja, mbili likijaliwa. Majani huja baadaye, mapana, yanafanya kazi yao muda wote wa mvua kisha yananyauka, na kwa miezi ya kiangazi hakuna dalili kwamba pana kitu. Hapo ndipo wengi wanapoliua. Wanalima, wanaligonga tunguu kwa jembe, wanalitupa. Mimi huchomeka kijiti kando ya kila shina wakati limechanua, ili kiangazi nijue pa kutokanyaga.

Bibi mmoja jirani yetu aliniona siku moja nimeshika jembe karibu na ua hilo akasema, "Mura, hilo usilichimbe. Ukilihamisha litakununia." Na ni kweli, tunguu likisumbuliwa laweza kupitisha msimu mzima bila kuchanua. Ukitaka mengine, acha matunda yake mekundu yaive, zika mbegu juujuu kwenye udongo wa majani yaliyooza, kisha uwe na subira ya miaka kadhaa. Tunguu lina sumu kali. Sehemu nyingine za Afrika lilitumika kutengeneza sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Watoto wangu wanajua: tunatazama, hatuli.

Hivyo hivyo kwa gloriosa, mtambaazi unaochelewa kidogo na kupanda vichaka kwa kujishikiza kwa ncha za majani yake. Petali zake zimejikunja kuelekea nyuma, nyekundu zenye kingo za njano, na Zimbabwe wamelifanya ua lao la taifa. Mmea wote una kolchisini, dawa inayotibu jongo kwa kipimo kidogo sana na kuua kwa kilichozidi. Kiazi chake kimewahi kuua watu waliokidhania chakula.

3. Usifagie

Tumelelewa kwamba uwanja safi ni uwanja uliofagiwa, na mbele ya nyumba nakubali kabisa. Chini ya miti, acha majani yaliyoanguka. Yanazuia tone la mvua lisipige udongo mtupu, yanashika unyevu, yanageuka mboji. Mteremko wetu ni wa udongo mwekundu, na mvua ya kwanza ndiyo inayousomba zaidi kwa kuwa inaukuta umekauka na hauna kifuniko. Kwenye kipande changu maji yanayofika kijitoni ni meupe. Kwenye shamba lililo wazi jirani yake, yanashuka mekundu.

4. Kichuguu kimo ndani ya bustani

Watu hunishauri nikibomoe kichuguu kilicho katikati ya miti nikafyatulie tofali, kwa sababu udongo wake ni mzuri kwa kazi hiyo. Sitakibomoa. Kwanza, maua ya tufe jekundu yanapenda sana kuota kandokando yake. Pili, ndicho kinachonipa uyoga.

Mchwa wa vichuguu vikubwa ni wakulima. Hubeba vipande vya majani na miti mikavu, huvitafuna, huvijenga kuwa masega chini ya ardhi na kuotesha juu yake kuvu wanaowasaidia kusaga chakula hicho. Ukulima huo ulianza Afrika kiasi cha miaka milioni 30 iliyopita, kabla ya binadamu yeyote kushika jembe. Mvua zikishika, kuvu hao husukuma uyoga mpaka juu. Ukiuchimbua taratibu kwa vidole badala ya kuung'oa, utafuata mzizi mrefu mweupe unaoshuka kuelekea kwenye masega, na utakatika kabla hujaufikia mwisho wake. Uyoga huu binadamu bado hajaweza kuuotesha kwa urahisi kama ule wa mabandani. Unaupata mahali mchwa walipoachwa waishi. Tunaupika na vitunguu na chumvi basi, na ugali wa mtama. Uyoga nisioutambua siugusi, na nisipokuwa na hakika namwita mkubwa anayeujua.

Kisha kumbikumbi. Jioni baada ya mvua wanatoka kwa maelfu, wanaruka, wanapukutisha mbawa na kutembea wawili wawili kutafuta mahali pa kuanzisha kichuguu kipya. Watoto huweka taa juu ya beseni la maji, kuku wanachanganyikiwa kwa shibe, na asubuhi ardhi yote chini ya miti imetapakaa mbawa. Sijui starehe ya bure inayokusanya familia nzima nje kama jioni hiyo.

5. Sikiliza kabla hujatazama

Ndege wa mvua huanza kuita kabla wingu halijakusanyika vizuri: sauti tatu zinazoshuka, anazirudia mpaka unachoka kwa niaba yake. Ni vigumu kumwona, kwani hukaa ndani ya majani mengi. Hajengi kiota, jike hutaga katika viota vya ndege wengine wa kivulini. Maana yake, akiwepo yeye wapo na hao wanaomlelea watoto. Kijito kisicho na vichaka hakimpati.

6. Chini ya mkaratusi hakuna wiki ya kwanza

Nasema hili kwa heshima, kwa sababu mikaratusi imejenga nyumba nyingi Tarime na kusomesha watoto wengi. Inakua haraka na nguzo zake zina soko. Lakini simama ndani ya shamba la mikaratusi mvua ikianza, utaona majani yake makavu yenye mafuta, magome na udongo. Tufe jekundu halipo, uyoga haupo. Na ikipandwa chemchemini inakunywa maji ambayo akina mama walikuwa wakiyateka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60. Ningependa mita hizo 60 zirudishiwe mikuyu. Mikaratusi ina nafasi yake juu mlimani, mbali na chemchemi.

7. Mgeni anayechipua haraka kuliko wote

Si kila kijani cha mvua ya kwanza ni cha kushangilia. Lipo gugu kutoka mabara ya Amerika, Chromolaena odorata, ambalo wengi huku wanaliita amachabongo. Limeshika kando za barabara, malisho na mashamba yaliyolala, Tarime na Serengeti pia. Ng'ombe hawalili. Mbegu zake hupeperuka, likikauka linawaka vibaya, na baada ya moto linachipua tena kutoka kwenye shina la ardhini.

Lijue lingali dogo. Jani lake lina umbo la pembetatu na mishipa mitatu inayogawanyika karibu na kikonyo kama uma. Ulifikiche, linatoa harufu kali. Mvua ya kwanza inapolainisha udongo ndiyo nafasi ya kuling'oa na mizizi yake, kwa mkono, kabla halijafika magotini. Kulifyeka tu ni kulialika. Kila asubuhi ya wiki zile, kabla sijatazama ua lolote, napita kwanza mpakani kung'oa amachabongo. Kazi hiyo nimekuja kuihesabu kuwa sehemu ya raha, kwani nikiwa nimeinama hivyo ndipo ninapoona vitu vidogo vinavyochomoza.

8. Mvua ileile, bustani nyingine

Upande wa mke wangu ni wa Mugumu, wilaya ya Serengeti. Ukitoka kwetu milimani na kuvuka Mto Mara, nchi inatandazika, mvua inapungua, udongo unakuwa mweusi wa mbuga, na miti mingi ni migunga. Kule wiki ya kwanza haitafutwi kivulini. Inatafutwa mahali palipoungua. Juu ya majivu, nyasi zikiwa zimechipua kidogo tu, unakuta maua meupe yaliyolala chini, utadhani mtu amechana daftari akapeperusha karatasi. Ni Cycnium tubulosum. Mmea huu una majani yake ya kijani, lakini mizizi yake hunyonya pia maji na virutubisho kutoka kwenye mizizi ya nyasi. Chuma moja, likikauka linageuka jeusi. Kwa hiyo usichume. Kando yake hutokea Crinum kirkii, yungiyungi jeupe lenye mstari wa waridi katikati ya kila petali. Ni majira haya nyumbu waliokuwa kaskazini, Lamai na Kogatende, huanza kugeuka kurudi kusini wakifuata majani mapya.

Shemeji zangu walinifundisha kitu ambacho vitabu vya bustani havina. Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme wana mahali pa emisambwa, mizimu ya nchi: chemchemi, miti, vilima, ambapo kukata mti ni mwiko. Mzee mmoja alinipeleka mpaka ukingoni mwa mahali pa namna hiyo na hapo tukasimama. Kuingia si kazi yangu. Hata kutoka ukingoni niliona mimea ya kivulini niliyodhani imebaki kwetu milimani tu. Kabla mtu hajapanda mti wowote katika wilaya hizi mbili, aulize wazee wapi miti imeachwa na kwa nini. Mbegu nzuri zimo huko, na ruhusa ya kuziokota wanayo wao.

9. Tunachokipuuza, wengine wanakinunua

Mwaka 1882 wataalamu wa Uingereza waliupa mmea mmoja wa kivulini kutoka Afrika Mashariki jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Leo uzao wake unauzwa kwa vyungu kote Ulaya na Marekani. Miaka 10 baadaye, 1892, ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka kwao mmea mwingine kutoka Tanga, wenye maua ya zambarau, na sasa unakaa madirishani mwa watu ambao hawajawahi kusikia Usambara. Yote miwili ni mimea ya chini ya miti, kwenye unyevu na majani yaliyooza.

Sisemi tuuze tufe jekundu. Nasema tuliheshimu. Kila tarehe 15 Septemba, tangu 2012, Tanzania na Kenya huadhimisha Siku ya Mara kwa ajili ya Mto Mara na bonde lake, na tarehe hiyo inaangukia kwenye majira ninayoyazungumzia. Miche ya kugawa siku kama hiyo ingetoka hapa hapa. Mwaka huu nimeweka kivulini matawi ya mbambangoma na miche ya mikuyu ya kupanda kando ya kijito, na majirani watatu wanaopakana nami kuelekea chini wamekubali kuvipokea. Masharti ni mawili: ng'ombe wasiingie humo msimu wa kwanza, na kichuguu kikiota kisibomolewe.