Mwalimu Ambaye Sikumkuta

Chojun Miyagi alifariki dunia tarehe 8 Oktoba 1953 kisiwani Okinawa, mimi sijazaliwa. Lakini kila jioni ninapovua viatu mlangoni mwa ukumbi wetu wa mazoezi hapa Dar es Salaam, najua kwamba ni kwake ninakoendelea kusoma. Karate yetu ni Goju-ryu, mtindo alioupa jina yeye, na ulifika jiji hili miaka ya 1970 ukiletwa na Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani. Nimo humo mwaka wa kumi na nane sasa.

1. Kusimama kwanza

Nilikuja nikitaka mateke. Kama vijana wenzangu wa mtaani nilikuwa nimeitazama Karate Kid kwenye kibanda cha video, nisijue kwamba yule mzee Miyagi wa filamuni amepewa jina la mtu aliyeishi kweli. Mwandishi wa filamu hiyo, Robert Mark Kamen, naye alisoma Goju-ryu. Sensei wangu, yaani mwalimu wangu, hakunipa mateke. Alinisimamisha.

Mwezi baada ya mwezi nilirudia Sanchin peke yake, kata (mfuatano wa miondoko) ya msingi: nyayo zimeshika sakafu, magoti yamepinda kidogo, hatua fupi fupi, pumzi ikitoka chini tumboni. Sensei alizunguka nyuma yangu akinipiga makofi mabegani na mapajani, akisikiliza mwili kama mnunuzi anavyogonga nazi sokoni. Niliona ananionea, na mara mbili nilikaribia kuacha.

Nilitulia nilipomsoma Miyagi. Mwaka 1902, akiwa na miaka 14, alipokewa na Kanryo Higaonna, mwalimu wa mji wa Naha, Okinawa, aliyejifunza sanaa yake Fuzhou, China. Higaonna aliwaweka wanafunzi kwenye Sanchin muda mrefu kabla ya kuwapa jingine. Miyagi alitoka katika familia yenye mali, angeweza kutafuta njia nyepesi. Hakuitafuta. Mimi niliyekuwa nahesabu miezi niliona haya.

2. Gumu na laini ni kitu kimoja

Jina lenyewe linasema hivyo: go ni gumu, ju ni laini. Mwaka 1930 mwanafunzi mkuu wa Miyagi, Jin'an Shinzato, alikwenda Tokyo kuonyesha karate, akaulizwa mtindo wake unaitwaje. Haukuwa na jina. Aliporudi akamsimulia mwalimu wake, na Miyagi akalichukua jina kutoka kitabu cha kale cha Kichina, Bubishi, kinapoeleza pumzi ivutwayo na itolewayo.

Mimi nililielewa kwa maumivu. Nikiwa na mkanda wa kahawia nilipambana na mwenzangu mwenye mwili mkubwa, nikaamua nisimpishe hata hatua moja. Nilikaza bega kuzuia ngumi yake, likateguka. Wiki sita sikuinua mkono. Katika wiki zilizofuata sensei alinifundisha Tensho, kata aliyoitunga Miyagi, ambayo viganja viko wazi na vifundo vya mikono huzunguka polepole kama vya mtu anayekanda unga. Hapo ndipo nilipojifunza kuipokea ngumi na kuipitisha.

3. Vifaa viko uani

Wazee wa Okinawa walijijenga kwa jiwe lililotiwa mpini na mitungi ambayo midomo yake hushikwa kwa ncha za vidole. Sisi tulimimina saruji kwenye makopo ya rangi. Mikono yetu haikuona tofauti.

4. Kufundisha ukiwa na majonzi

Hili ndilo limenikaa kuliko yote. Tarehe 10 Oktoba 1944 ndege za Marekani zililipua Naha na sehemu kubwa ya mji ikateketea. Mwaka uliofuata vita vilishuka nchi kavu, na Miyagi akapoteza baadhi ya watoto wake pamoja na Shinzato, aliyemtegemea kuirithi kazi yake. Mtu wa namna hiyo angenyamaza, na nani angemlaumu? Yeye aliwafundisha polisi, kisha akakusanya vijana uani kwake, mtaa wa Tsuboya, chini ya anga tupu, akaanza nao upya. Baadhi ya vijana wa uani ule walifungua vyuo vyao, na kupitia kwao pia Goju-ryu ikasambaa duniani.

Nilipofiwa na baba yangu niliacha mazoezi miezi minne. Kilichonirudisha ni ule ua wa Tsuboya. Nilimwomba sensei anikabidhi darasa la watoto.

Tunaanza Jumamosi saa mbili asubuhi. Kata yao ya kwanza ni Gekisai, aliyoitunga Miyagi mwaka 1940 ili vijana wa shule nao waweze kujifunza. Mzazi unayesoma hapa, mlete mwanao, na binti yako pia. Aje na maji ya kunywa. Sare si lazima.