Akili Mnemba maofisini: Tupange makabati yetu kwanza

Katika ofisi nyingi za mjini hivi sasa habari ni moja tu: Akili Mnemba, au AI kama vijana wanavyoiita. Kila mkurugenzi anataka msaidizi wa kompyuta wa kumwandikia barua, kumfupishia mihtasari ya vikao na kuwajibu wateja. Mimi si mpinzani wa jambo hili, kwani mwenyewe naitumia kuandaa mazoezi ya wanafunzi. Hoja yangu ni kwamba mashine hii haiji kupanga nyumba iliyovurugika. Inakuta mvurugiko na kuutoa hadharani. Anayetaka kuikaribisha, apange nyumba kwanza.

Nianze na kisa ninachokijua. Shule moja ninayofundisha Maarifa ya Uislamu ilinunua huduma ya msaidizi wa aina hiyo. Fundi wa kompyuta akaiunganisha na mafaili yote ya shule, na kazi ikaanza siku hiyo hiyo. Wiki ya pili mwalimu mmoja akaiomba imtengenezee orodha ya wanafunzi wa kidato cha pili na simu za wazazi wao, kwa ajili ya kikao. Ikamletea kwa sekunde chache. Hakuikagua. Akaichapa na kuibandika ubaoni. Mbele ya baadhi ya majina palikuwa pameandikwa: "Analipiwa na mfuko wa zaka."

Karatasi ile ilikaa ubaoni tangu asubuhi hadi adhuhuri. Baada ya swala binti mmoja alinifuata, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ustadhi, nani aliyewaambia?" Sikuwa na jibu. Hata wenzake wanaolala naye chumba kimoja walikuwa hawajui kwamba halipiwi ada na nyumbani kwao.

Wengi wetu tuliilaumu mashine. Tulipofuatilia, tukakuta kosa ni letu. Faili la mhasibu lilikuwa limewekwa tangu zamani katika folda ambayo kila mwalimu anaruhusiwa kuifungua. Miaka yote hiyo hakuna aliyelisoma kwa sababu hakuna aliyejua kwamba lipo. Lilifichwa na wingi wa mafaili, si na kufuli. Mwanadamu huchoka kutafuta, lakini msaidizi huyu hachoki.

Na ndivyo anavyofanya kazi. Msaidizi kama Copilot ya Microsoft, iliyoanza kuuzwa kwa makampuni makubwa Novemba 2023, hupekua barua pepe, mafaili na kumbukumbu za vikao ambavyo mtumiaji anaruhusiwa kuviona. Ikiwa karani ameachiwa mlango wa kuona mishahara ya wakubwa, akiuliza atajibiwa.

Sasa, tufanye nini kabla ya kununua? Nayataja mambo matano.

La kwanza, tujue tulichonacho. Tuorodheshe nyaraka zetu: ziko wapi, ni za nani, na ipi bado inatumika. Sisi tulikuta barua tatu za ada za miaka mitatu tofauti, na hakuna hata moja iliyoandikwa kwamba imefutwa. Ukiiuliza mashine kiwango cha ada, inaweza kukujibu kwa barua yoyote kati ya hizo, tena kwa lugha ya kujiamini. Za zamani zihamishwe au zifutwe, na iliyo sahihi iwe moja.

La pili, kila mlango uwe na mwenye ruhusa. Mwalimu wa darasa anahitaji simu ya mzazi. Hahitaji kujua nani yatima na nani analipiwa. Tuanze na folda za fedha, afya, mishahara na nidhamu. Kisha tujaribu wenyewe: tukae kwenye kompyuta ya mtumishi wa ngazi ya chini, tuulize maswali ya uchokozi. "Mkuu analipwa kiasi gani?" "Nani amepewa onyo?" Majibu yakija, bado hatujawa tayari.

La tatu, pawe na kanuni iliyoandikwa ya kisichoruhusiwa kuingizwa humo. Mwaka 2023 wahandisi wa Samsung, kampuni kubwa ya Korea Kusini, waliingiza siri za programu za kampuni yao katika ChatGPT ili iwasaidie kazi. Mwezi Mei mwaka huo kampuni ikawapiga marufuku wafanyakazi kutumia zana za namna hiyo. Hawakuwa wezi wale. Walikuwa wachapakazi wanaotafuta wepesi. Nasi tunao wa aina hiyo, wanaotumia simu zao wenyewe kwa kazi za ofisi.

La nne, awepo mtu mwenye jina anayewajibika. Shirika la ndege la Air Canada lilishitakiwa na abiria aliyefiwa na bibi yake. Msaidizi wa kompyuta katika tovuti ya shirika alimwambia anaweza kudai punguzo la nauli ya msiba baada ya safari, wakati utaratibu wenyewe haukuruhusu hivyo. Shirika likajitetea kana kwamba msaidizi yule ni mtu mwingine anayejibeba mwenyewe. Februari 2024 baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia likaukataa utetezi huo na kuliamuru shirika kulipa. Ndugu msomaji, funzo liko wazi: neno la mashine yako ni neno lako. Basi lisitoke nje kabla mtu hajalisoma.

La tano, sheria ipo. Hapa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inawataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwenye Tume, inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti, na ina masharti juu ya kuzipeleka taarifa nje ya nchi. Kabla ya kusaini mkataba, tumuulize muuzaji: taarifa zetu zitahifadhiwa wapi, na je, zitatumika kuifundisha mashine yake?

Nimesema shule, lakini suala hili ni la wote: zahanati yenye majalada ya wagonjwa, taasisi ya Hijja yenye nakala za pasipoti za mahujaji, duka la jumla la Kariakoo lenye daftari la wadaiwa.

Na sisi Waislamu tusione kama ni mambo mageni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul-Baqara, inahusu kuandika deni. Inataka muda wa deni ujulikane, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Ukiitazama, maswali ni yale yale: nani ameandika, nani anashuhudia, na muda wake unakwisha lini? Taasisi inayoshindwa kuyajibu kwa karatasi zake, itayajibuje kwa mashine?

Sisi tulizima huduma ile kwa muda. Watu watatu walikaa kupanga mafaili, na jina la mfadhili likaondolewa katika kila orodha isiyo ya mhasibu. Tumeiwasha tena na inatusaidia. Lakini binti yule, ambaye zamani alikuwa akikaa mstari wa mbele katika kipindi changu, siku hizi anakaa nyuma. Nilimwomba radhi, akasema amesamehe. Msaidizi wa kompyuta hununuliwa kwa siku moja, ila heshima ya mtu ikishabandikwa ubaoni, kuirudisha ni kazi nyingine kabisa.

Wabillahi tawfiq.