Kurejesha Notisi Tulizozihifadhi

Wengi wetu seminarini tuliandika notisi za darasani katika Evernote ya zamani. Toleo la 10, lililotoka mwaka 2020, liliandikwa upya kabisa, na halikuwa tena na yale madaftari yanayokaa kwenye kompyuta tu bila kupelekwa intaneti. Mwenye daftari la namna hiyo alipaswa kulitoa kama faili la ENEX, kisha aliingize katika toleo jipya.

Tulifanya hivyo, ila kwa haraka. Falsafa ya mwaka mzima, masomo matatu, tuliitoa yote katika faili moja tukaliita "notisi". Tulipolirejesha, kurasa zote zilikuwapo lakini zimechanganyika: Metafizikia katikati ya Logiki, Maadili juu ya zote. Mtihani ulikuwa mlangoni.

Kosa lilikuwa letu. Faili la ENEX hubeba maandishi, picha, viambatisho, lebo na tarehe ya kila notisi. Jina la daftari halibebi. Kwa hiyo kila daftari litolewe peke yake, na faili lipewe jina la daftari hilo. Viungo vya kutoka notisi moja kwenda nyingine navyo havirudi salama, kwa sababu notisi iliyoingizwa huhesabiwa kuwa mpya. Na ukiingiza faili lile lile mara mbili, utapata kila kitu mara mbili. (Nalo tulilifanya.)

Tunawashauri mafrateri, na makatibu wa jumuiya wanaotunza mihtasari kwa njia hii, waanze na daftari moja dogo. Hesabu notisi kabla na baada. Fungua moja yenye picha na moja yenye kiambatisho, usiridhike na kuona vichwa vya habari tu. Toleo la zamani lisifutwe kwenye kompyuta mpaka daftari la mwisho limekaguliwa. Faili hizo hizo husomwa pia na Joplin, programu ya bure, kwa anayetaka kuhama kabisa.

Sisi tuliokolewa na tarehe. Tulichukua ratiba ya masomo ya mwaka ule: notisi za Jumatatu zikaenda Metafizikia, za Jumatano Logiki, zilizobaki Maadili. Kazi ilituchukua jioni mbili. Zile za siku ambazo walimu walibadilishana vipindi bado tunazibishania.