Msingi na Sakafu ya Zege kwa Ghala ya Mahindi

Mkulima aliyelima, akapalilia, akavuna na kukausha mahindi yake, hajamaliza kazi mpaka ameyaweka mahali pakavu. Unyevu wa ardhi hupanda usiku na mchana. Huleta ukungu, na ukungu wa namna nyingine hufanya sumu, yaani sumukuvu, isiyoondoka kwa kupikwa. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 waliripotiwa kufa kwa sumu hiyo baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu. Sakafu iliyofanywa vema huzuia unyevu, na mchwa na panya hawaitoboi. Hapa twaeleza sakafu ya ghala ya futi 12 kwa 10.

1. MAHALI. Chagua mahali palipoinuka, pasipotuama maji ya mvua. Ondoa majani, mizizi na udongo wote mweusi wa juu, inchi 6 au zaidi. Udongo huo una vitu vinavyooza. Vikiisha kuoza ardhi hutitia na sakafu hupasuka. Uupeleke shambani, ndiko unakofaa.

2. PEMBE. Piga vigingi, ufunge kamba. Kutoka pembeni pima futi 6 upande mmoja, na futi 8 upande wa pili. Umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa futi 10 barabara, pembe ni sawa. Ukizidi au ukipungua, sogeza kigingi, upime tena.

3. MSINGI. Chimba mtaro wenye upana wa inchi 18, ushuke hata ufike ardhi ngumu; kina kisipungue inchi 18. Mimina humo zege yenye unene wa inchi 6: saruji sehemu 1, mchanga sehemu 3, kokoto sehemu 6. Ikiisha kushikana, jenga juu yake ukuta wa mawe upite uso wa ardhi kwa inchi 12.

4. KUJAZA. Ndani ya ukuta jaza mawe yaliyovunjwa pamoja na changarawe, tabaka kwa tabaka, kila moja inchi 6. Nyunyiza maji kidogo, ushindilie kwa gogo zito mpaka kisigino chako kisiache alama. Usifanye haraka hapa, maana sakafu nyingi hupasuka si kwa ubaya wa saruji, bali kwa uvivu wa kushindilia. Kisha tandaza mchanga inchi 2, na juu yake karatasi nene ya plastiki, maungio yake yapandane kwa inchi 12. Usiiache karatasi hii kwa kuona zege ni ngumu: zege nayo hunyonya maji. Bakiza inchi 4 za sakafu yenyewe.

5. ZEGE. Sakafu hii yataka mifuko 7 ya saruji, ya kilo 50. Kwa kila mfuko pima mchanga madebe 4 na kokoto madebe 8, kwa debe la galoni 4. Mchanga uwe safi: ukiusugua mikononi na mikono ikachafuka kwa tope, uoshe au utafute mwingine. Changanya vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo utie maji kidogo kidogo. Debe 1 na robo hutosha mfuko mmoja, na mchanga ukiwa na majimaji, pungufu yake. Maji mengi hurahisisha kazi ya leo na kudhoofisha sakafu ya miaka yote. Anza ukuta wa mbali, ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Shindilia, usawazishe kwa ubao ulionyoka, umalize kwa mwiko. Zege iliyochanganywa itumike kabla ya saa moja kupita.

6. KUTUNZA. Wengi hudhani zege hukauka kama tope. Sivyo. Saruji hugeuka jiwe kwa kunywa maji. Ikinyimwa maji mapema, hubaki vumbi na nyufa. Kwa hiyo ifunike kwa magunia au majani, uyaloweshe asubuhi na jioni kwa siku 7, wala mtu asiikanyage siku 3 za kwanza.

Sakafu ikiisha kukomaa na kukauka, panga magunia juu ya uchaga wa mbao, mbali na ukuta, hewa ipite. Nawe usiingize ghalani mahindi mabichi, kwani sakafu huzuia unyevu wa ardhi tu. Ule uliomo ndani ya punje huondolewa na jua.