Mama wa Shunemu na Shamba Lake

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 2 Wafalme 4:8–37, 2 Wafalme 8:1–6, Kumbukumbu la Torati 27:17, 19, Mithali 31:10–31, Matendo 9:36–42.

Fungu la kukariri: Mithali 31:31. Lisomeni kwa pamoja kutoka katika Biblia zenu.

Mke wa mkulima ambaye habari zake zimesimuliwa kwa urefu katika 2 Wafalme hakutajwa jina. Anaitwa kwa kijiji chake tu: Mshunami. Habari zake zimeandikwa mahali pawili, na katikati yake ipo miaka saba ya njaa. Habari ya kwanza, ya mtoto aliyefufuliwa, huhubiriwa mara nyingi. Ya pili, ya shamba lililorudishwa, husomwa na wachache. Juma hili zitasomwa pamoja, kwa sababu zinaleta swali linalogusa kila nyumba ya kijijini: Je, mama mkulima hukumbukwa kwa maneno tu, au pia kwa haki?

JUMAPILI: Chumba Kidogo Juu ya Nyumba

Soma 2 Wafalme 4:8–10. Mwanamke huyu alianza kutumika kwa kitu gani?

Shunemu ilikuwa katika eneo la Isakari (Yoshua 19:18), kando ya bonde la Yezreeli lenye udongo wenye rutuba. Mwanamke huyu alikuwa mtu wa heshima, lakini utajiri unaoonekana katika habari zake ni wa shambani: chakula, wavunaji, punda, mazao. Alianza kwa kumshurutisha msafiri ale. Kisha, kwa kushauriana na mumewe, akaandaa chumba chenye kitanda, meza, kiti na kinara cha taa.

Kila mgeni anayekaa mezani amechotewa maji na kusagiwa unga na mtu fulani. Biblia imeona vema kuhesabu hata vyombo vya chumba kile. Kazi ambayo watu huipita bila kuitazama, Mungu ameiandika.

JUMATATU: Akaaye Kati ya Watu Wake

Soma 2 Wafalme 4:11–17. Kwa nini alikataa kuombewa neno kwa mfalme?

Elisha alitaka kumlipa wema wake. Je, asemewe kwa mfalme, au kwa jemadari wa jeshi? Akajibu kwamba anakaa kati ya watu wake. Maana yake ni kwamba ukoo na majirani walimtosha. Hakuwa na haja na mtu wa ikulu. Ni jibu la mtu aliyeridhika na anayewaamini jamaa zake. Jibu hilo likumbukwe, kwa maana siku ilikuja ambapo watu wake hawakumtosha.

Hitaji lake halisi hakulitaja. Hakuwa na mtoto, na mumewe alikuwa mzee. Mungu alimpa mwana bila yeye kuomba.

JUMANNE: Magotini pa Mama

Soma 2 Wafalme 4:18–37. Imani ya mama huyu inaonekana wapi?

Ulikuwa wakati wa mavuno. Mtoto akamlalamikia baba yake shambani kwamba kichwa kinamuuma, naye akaagiza apelekwe kwa mama. Akapakatwa magotini mpaka adhuhuri, akafa. Mama akamlaza kwenye kitanda cha mtu wa Mungu, akafunga mlango, akaomba punda. Mumewe akashangaa: mbona aende leo, wala si mwandamo wa mwezi wala Sabato? Swali hilo linaonyesha kwamba kwenda kwa nabii siku ya Sabato lilikuwa jambo la kawaida kwa watu wa wakati ule.

Kila aliyemwuliza habari alijibiwa kwamba ni salama. Uchungu wake aliutunza mpaka alipofika Karmeli, miguuni pa Elisha. Gehazi alitaka kumwondoa; Elisha akamkataza, kwa sababu aliona roho yake ina uchungu. Fimbo ilipotangulizwa, mama hakuridhika nayo. Alikataa kuondoka bila nabii mwenyewe, na mtoto wake akarudishiwa uhai.

Upande wa pili wa kilima kile kile upo mji wa Naini, ambako Yesu alimfufua mwana wa mjane (Luka 7:11–17).

JUMATANO: Miaka Saba Baadaye

Soma 2 Wafalme 8:1–3. Ni nini kilichotokea nyumbani kwake alipokuwa ugenini?

Kwa neno la Elisha alihamia nchi ya Wafilisti pamoja na jamaa yake ili kuikimbia njaa. Aliporudi, nyumba na shamba vilikuwa mikononi mwa wengine. Fungu halisemi ni nani aliyevichukua. Mume naye hatajwi tena. Huenda alikuwa amekwisha kufa. Yule aliyesema kwamba watu wake wanamtosha, sasa anakwenda kumlilia mfalme.

Hali hii haijaisha. Siku ya mazishi wasifu wa baba husomwa, na mke husifiwa kwa jinsi alivyolima naye na kusomesha watoto. Baada ya matanga, kikao cha ukoo huketi, na mama yule yule huambiwa kwamba shamba ni la ukoo. Katika Kumbukumbu la Torati 27:17, 19 Mungu ameweka laana juu ya anayeondoa mpaka wa jirani na anayepotosha hukumu ya mjane. Sifa za makaburini haziiondoi laana hiyo.

ALHAMISI: Ushuhuda Uliorudisha Shamba

Soma 2 Wafalme 8:4–6 na Matendo 9:39. Kumbukumbu njema inafanya kazi gani?

Mfalme alikuwa akimsikiliza Gehazi akisimulia matendo makuu ya Elisha. Alipofika habari ya mtoto aliyefufuliwa, mama mwenyewe akaingia na mwanawe, akilia kwa ajili ya nyumba na shamba lake. Mfalme akamwuliza mama, naye akaeleza. Kisha akaamuru afisa wake arudishe vyote, pamoja na mazao ya shamba tangu siku alipoondoka.

Huko Yafa wajane walionyesha nguo alizoshona Dorkasi, naye akafufuliwa. Kwa mfalme, simulizi la Gehazi lilikuwa ushahidi, nao ulifika mama angali hai. Kukumbuka kwa namna ya Biblia ni kusema ukweli wa maisha ya mtu mahali ambapo ukweli huo unaweza kumsaidia.

IJUMAA

Jifunze zaidi: Soma Hesabu 27:1–7 na Mithali 31:10–31. Mwanamke wa Mithali anatazama shamba, analinunua, na kupanda mizabibu kwa kazi ya mikono yake. Sura inafungwa kwa agizo kwamba apewe mapato ya mikono yake. Sheria za nchi nazo zinamlinda. Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza ubaguzi wa kijinsia katika mila zinazohusu ardhi. Mzee wa kanisa anayeketi na familia baada ya mazishi na ayajue hayo.

Maswali ya kujadili:

1. Gehazi alikuwa amejaribu kumwondoa mama huyu, lakini baadaye simulizi lake lilimsaidia. Hilo linafundisha nini kuhusu wale waliowahi kuwadharau wajane?

2. Katika kanisa lenu, ni mama gani mkulima ambaye kazi yake haijasemwa mbele ya watu angali hai?

3. Mshiriki akinyang'anywa shamba na jamaa ambao nao ni washiriki, kanisa lifanye nini kabla jambo halijafika mahakamani?

4. Wanandoa katika kikundi chenu wanaweza kuchukua hatua gani mwaka huu ili jina la mke liwe kwenye hati ya shamba?