Richard Feynman: Mwanafizikia na Mfafanuzi wa Sayansi

Richard Feynman (1918–1988), mwanafizikia wa nadharia wa Marekani, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1965, pamoja na Tomonaga na Schwinger, kwa utafiti kuhusu elektroni na mwanga. Michoro aliyoibuni ilirahisisha hesabu ndefu mno. Mwaka 1986, akiwa katika tume iliyochunguza ajali ya Challenger iliyoua wanaanga saba, alikibana kipande cha mpira wa kuzibia maungio ya roketi, akakitumbukiza katika maji ya barafu. Alipokifungua, hakikurejea umbo lake upesi. Umma ukaelewa. Aidha, alisisitiza kuwa kujua jina la kitu si kukijua kitu chenyewe. Waundaji wa istilahi za Kiswahili wanapaswa kuzingatia hilo: istilahi bila ufafanuzi ni ganda tupu.