Mwenzi Wako Akiuliza: Je, Biblia Imebadilishwa?



Jioni moja baada ya chakula, mke wangu aliniuliza: "Baba, huko sokoni wanasema Biblia imenakiliwa mara nyingi mpaka imepotoka. Tutajuaje kwamba hii tunayosoma ndiyo ile ya mwanzo?" Mimi ni katekista, na sikuwa na jibu. Kwa aibu nikamkaripia: "Wewe amini tu!" Akanyamaza. Kwa majuma mengi hakuniuliza neno lolote la dini, na sala yetu ya jioni ikawa ya midomo tu.

Nilikosa. Mtume Petro anatufundisha kumjibu kwa upole na heshima kila anayetuuliza juu ya tumaini letu (1 Petro 3:15). Ikiwa mgeni anastahili hivyo, je, si zaidi mwenzi wa ndoa? Tena kuuliza si dhambi. Hata Mama Bikira Maria alimwuliza malaika (Luka 1:34).

Basi nilimwomba mke wangu msamaha, nikaenda kujifunza. Haya ndiyo niliyomweleza:

1. Ni kweli Biblia ilinakiliwa kwa mkono kwa karne nyingi, na wanakili walikosea hapa na pale. Tusiogope kukubali. Lakini nakala za kale ni nyingi, na ziliandikwa mahali mbalimbali. Zikilinganishwa, kosa la mmoja hufichuliwa na wengine.

2. Mwaka 1947, huko Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, wachungaji walikuta magombo ya kale pangoni. Mojawapo lilikuwa kitabu kizima cha nabii Isaya, kilichonakiliwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo. Lilizidi kwa umri nakala kamili za Kiebrania zilizojulikana hapo awali kwa miaka ipatayo 1,000. Wataalamu waliona tofauti, nyingi zikiwa za tahajia na maneno madogo. Lakini ujumbe ni uleule.

3. Katika Maktaba ya Vatikano imehifadhiwa Biblia ya Kigiriki ya karne ya 4. Anayedai kwamba Injili zilibadilishwa baadaye, ushahidi huo upo.

Nakala hizi hazithibitishi kwamba Yesu alifufuka. Hilo twalipokea kwa imani. Zinaonyesha tu kwamba habari tuliyopewa na mitume haikupotea njiani.

Mwenzi wako akiuliza, msikilize mpaka amalize. Usimcheke mbele ya watoto. Kama hujui, sema, "Sijui, tutafute pamoja," kisha mwulizeni Padre.

Siku hizi mke wangu ndiye anayefungua Biblia jioni, na maswali yake hayaishi. Nashukuru.

Ya kujadiliana leo usiku:
- Ni swali gani la imani ambalo naogopa kukuuliza?
- Je, nimewahi kukunyamazisha?